Geji Kabla ya Spana

Nungwi, Unguja

Mpwa wangu Zuwena,

Bibi yako magoti yanamsumbua tangu masika yaanze, ila ulimi wake hauna maradhi, na kila jioni anauliza kama huko Mafia unakula vizuri. Boti zimepandishwa, wageni hakuna, na mimi nimejifungia chumba cha kompresa na rafu nzima ya regulata za kukagua kabla msimu haujarudi. Kwa hiyo nina wasaa wa kukujibu vizuri.

Umesema umejinunulia regulata ya mtumba, na kwamba kuipeleka Dar kwa fundi kunakula mshahara wako, na tena unakaa bila chombo mpaka irudi. Unataka nikufundishe kuihudumia mwenyewe. Nakubali. Najua mafundi wenzangu wengi wangekukatalia. Wangekwambia hayo ni mambo ya wenye vyeti, ukigusa utajiua. Mimi siyaamini hayo. Humo ndani mna shaba, springi, mpira na plastiki ngumu, na mtu mwenye mikono mitulivu na macho mazima anaweza kujifunza. Ila nakuwekea sharti: hutashika spana mpaka ujue kupima. Msimu huu wote unaokuja utapima tu. Najua hukulitarajia hilo, na najua litakuudhi, basi vumilia nikueleze.

Tuanze na kazi yenyewe. Mtungi wako wa alumini ukijazwa barabara una presha ya baa 200 hivi. Hakuna kifua cha binadamu kinachoweza kupokea hewa ya namna hiyo. Hatua ya kwanza, lile bonge la shaba lililopakwa kromu unalolifunga kwenye mtungi, inaishusha hadi baa 9 au 10 juu ya presha ya maji yaliyokuzunguka. Hiyo ndiyo presha ya kati, na utalisikia neno hilo mpaka ulichoke. Hatua ya pili, ile unayoing'ata, inaishusha tena mpaka ilingane na maji ya pale ulipo, na inatoa hewa pale tu unapovuta. Kila mita 10 unazoshuka, maji yanaongeza baa 1, na regulata inafuata kwa sababu maji yenyewe ndiyo yanayoisukuma dayaframu au pistoni yake. Hakuna betri humo.

Itazame regulata ya mtungi wa gesi jikoni kwa bibi. Ukoo wao ni mmoja kweli. Émile Gagnan, mhandisi wa kampuni ya Air Liquide ya Ufaransa, alikuwa ameunda kifaa cha kulisha gesi injini za magari wakati wa Vita vya Pili, petroli ilipoadimika. Jacques Cousteau, ofisa wa jeshi la majini, akamwendea akitaka kitu cha kumpa mzamiaji hewa kila anapovuta pumzi. Gagnan akakichukua kile cha gesi akakibadilisha, na mwaka 1943 Cousteau akawa anazamia nacho. Rouquayrol na Denayrouze, Wafaransa pia, walikuwa wametangulia na wazo hilo miaka ya 1860, lakini mitungi ya zama zao haikuweza kubeba presha kubwa. Nakwambia haya ili usiiogope. Iliundwa kwa vitu vilivyokuwapo mezani.

Sasa kaa uelewe jambo hili, maana ndilo linaloamua mengine yote. Hatua ya kwanza ikiwa haina presha, iko wazi. Kwa aina ya dayaframu kama yako, springi inasukuma dayaframu, dayaframu inasukuma pini, pini inaiondoa siti, yaani kizibo, kwenye mdomo wake. Ukifungua mtungi, hewa inaingia kwa kasi na kujaza chumba, na presha ikifika kiasi cha baa tisa na nusu inairudisha dayaframu nyuma. Siti inakaa mdomoni, njia inafungwa. Ukivuta pumzi, presha ya chumbani inashuka na njia inafunguka tena. Hatua ya pili ni kinyume chake. Hiyo imefungwa muda wote kwa springi, siti yake ya mpira imekandamizwa juu ya kijimdomo, mpaka pumzi yako iivute dayaframu, dayaframu ilale juu ya wenzo, wenzo ufungue. Tena imepangwa hivi kwamba hewa inayotoka kwenye mtungi inaisukuma ile siti kuelekea kufunguka.

Matokeo yake ni nini? Siti ya hatua ya kwanza ikivuja, presha ya kati inapanda pole pole, na ikiishinda springi ya hatua ya pili, hewa inaanza kumwagika mdomoni. Yaani regulata mbovu, mara nyingi, inakupa hewa nyingi mno. Mtungi utaisha haraka, utapanda juu na mwenzako, utakasirika, lakini hewa ulikuwa nayo. Wanaokutisha usiguse, hili huwa hawalisemi.

Kunyimwa hewa nako kupo, na sababu zake nyingi hata hazihitaji fundi kuziona. Mtungi uliofunguliwa robo mzunguko unatosha: juu ya boti unavuta vizuri, ukifika mita 20 hewa inakuwa nzito kama unavuta kwa mrija, na sindano ya geji ya mtungi inacheza chini juu kila pumzi. Ukiona sindano ya mgeni inacheza hivyo, shika vali yake kabla hujafikiria kitu kingine. Halafu kuna mipira. Ile laini ya kusukwa ambayo watu wanaipenda kwa kuwa inakunjika vizuri, baadhi yake ina utando wa ndani ambao kwa miaka ya joto na unyevu unaoza na kujenga chembe za njano, na chembe zile zinaweza kuziba njia. Kwetu huku joto na unyevu havituachi. Kwa nje mpira unaonekana mpya kabisa. Wa kwako, kwa picha uliyonitumia, ni wa kusukwa, na aliyekuuzia hajui umri wake. Mwombe fundi aubadilishe. Huo ndio pekee ninaokuruhusu kununua sasa hivi.

La tatu ni filta, na hapo naomba tukae kidogo, kwa sababu filta inasema kweli kuliko aliyekuuzia. Ondoa kifuniko cha vumbi, elekeza tochi pale hewa inapoingilia. Utaona kipande kidogo cha punje za shaba zilizoshikana, mara nyingi chenye umbo la pia. Kikiwa kisafi kinang'aa rangi ya dhahabu iliyofifia. Kikiwa na ukijani, maji ya bahari yameingia humo na yakakaa. Kikiwa na wekundu wa kutu, kimelishwa na mtungi wa chuma uliooza ndani. Kikiwa cheusi, mlaumu mwenye kompresa, maana hayo ni makaa ya chujio lake au mafuta yaliyoungua. Mwaka jana mgeni mmoja aliniletea seti yenye risiti ya huduma isiyo ya zamani, imepigwa msasa, inameta. Tochi ilipoingia, filta ilikuwa kijani tupu. Aliyefanya kazi ile alisafisha kinachoonekana.

Ule ukijani unatoka wapi? Unatoka kwenye pipa la kuoshea. Wewe ndiye utakayesimama karibu nalo kila siku, kwa hiyo hili ni lako kuliko langu. Mtu anashuka kwenye boti, anatumbukiza regulata pipani na kifuniko cha vumbi kinaning'inia wazi, au kimefungwa lakini ndani yake kuna matone. Mwingine anabonyeza kile kitufe cha kutoa hewa huku seti iko majini bila presha. Akibonyeza, anaifungua siti ya hatua ya pili, na maji yanapanda kwenye mpira moja kwa moja hadi hatua ya kwanza, ambayo, nimekwambia, bila presha iko wazi. Maji ya pipa la mchana yana chumvi ya kila mtu. Kausha kifuniko, kifunge, kisha osha, na kile kitufe kiache. Ukiweza, osha seti ikiwa bado kwenye mtungi na presha yake. Ukilisimamia hili pipani kwenu, utapunguza kazi ya fundi kuliko kozi yoyote.

Haya, kupima. Nakutumia geji ya presha ya kati. Ni kitu kidogo, bei yake haifiki gharama ya kuhudumia seti moja, na kinachomekwa kwenye ule mpira unaojaza jaketi. Hakikisha hatua ya pili imefungwa kwenye seti wakati unapima. Usipime hatua ya kwanza peke yake na geji tu, maana siti ikigoma hakuna pa kupumulia, na kitakachopasuka ni geji au mpira, mbele ya uso wako. Kioo cha geji ukigeuzie pembeni, fungua mtungi taratibu. Sindano itaruka na kusimama kati ya 9 na 10. Namba kamili ya mfano wako iko kwenye kitabu cha mtengenezaji. Bonyeza kitufe cha hatua ya pili, uachie. Sindano itashuka na kurudi. Fanya hivyo mara kadhaa, kisha usiguse kitu, angalia.

Kuangalia huku ndiko watu wanakokuonea uvivu. Regulata nzima inarudi kwenye namba yake na kubaki hapo. Pengine itapanda unywele mmoja sekunde za mwanzo, halafu itulie, hilo silihesabu. Regulata yenye siti iliyochoka inapanda bila haraka: tisa na nusu, unatazama pembeni, kumi, unajibu ujumbe wa simu, kumi na robo. Haina kelele wala haivuji, na mgeni anaweza kuzamia nayo asubuhi nzima asijue. Iache dakika 15, kisha soma tena na uandike. Rudia mtungi ukiwa umebaki baa 50. Yako imesawazishwa, kwa hiyo namba mbili zisipishane sana. Zile pistoni rahisi zisizosawazishwa, ambazo vituo vingi vinawapa wanafunzi kwa sababu haziui mtu wala haziharibiki, presha yao ya kati hushuka mtungi unapopungua, na hapo hakuna ugonjwa.

Hatua ya pili utaipima kwa beseni. Wenye karakana kubwa wana mashine ya kupimia mvutano. Beseni linasema karibu jambo lile lile. Ikiwa na presha, ishike kipande cha mdomo kikitazama juu na dayaframu ikitazama chini, uishushe majini taratibu sana mpaka usikie mluzi wa kwanza. Pima kina cha maji kutoka dayaframu hadi juu. Sentimita 3 au 4 ni sawa. Ikianza kulia mara tu inapogusa maji, ni nyepesi mno, itamwaga hewa kwenye mkondo wa Kinasi huko kwenu Mafia wakati unashindana na maji ya kupwa. Ikifika sentimita 6 bado kimya, mzamiaji wako anafanya kazi bure kila pumzi, na atamaliza hewa mapema akidhani ni uoga wake.

Mwisho, bila mtungi, funga kifuniko cha vumbi vizuri, weka mdomoni, vuta polepole. Isije hewa hata kidogo. Ikija, kuna mpasuko kwenye dayaframu au ile vali laini ya kutolea pumzi imekunjika, na huko ndiko yanakotoka yale maji ya chumvi ambayo wageni wanalalamika yanawaingia kooni. Mara nyingi ni punje ya mchanga tu imekaa chini ya vali. Unaipuliza, basi.

Umeona tulikofika? Hatujafungua kitu, na tayari unajua afya ya regulata kuliko aliyeibadilishia vipuri vyote kwa kufuata kalenda. Watengenezaji wanasema mwaka mmoja, wengine miwili, au idadi fulani ya mbizi, chochote kitakachotangulia. Siwapingi kwa seti za wageni. Lakini kwa uzoefu wangu wa hapa, siku ambayo regulata ina uwezekano mkubwa wa kunisumbua ni ile ya kwanza baada ya kutoka mezani kwa fundi. Siti mpya haijakaa, oringi, ile pete ya mpira, imepindika kwenye mfereji, wenzo umewekwa juu mno. Kilichokuwa kizima kimefunguliwa. Ukiwa na namba zako za mwaka mzima kwenye daftari, utajua wakati wa kufungua, na utajua vile vile wakati wa kuiacha.

Wakati wa kufungua ukifika, utakuja Nungwi tufanye pamoja. Nitakueleza machache tu sasa, ili usinunue ovyo. Usiingize kitu cha chuma ndani ya regulata. Oringi hutolewa kwa pini ya shaba au ya plastiki, kwa sababu ncha ya chuma inakwaruza ukuta wa mfereji, na mkwaruzo hauonekani mpaka hewa iupate. Kuna ukingo mmoja ndani ya hatua ya kwanza, ule mdomo ambao siti inaukalia, mwembamba wa kukata ukucha. Ukiugonga mara moja, huenda umeua chombo, na siti mpya kumi hazitaziba. Ndiyo maana nilikukataza spana. Anayejifunza huwa anaogopa vitu vikubwa vya kufungulia, na uharibifu unafanyika kwa kitu kidogo alichokishika bila kufikiri.

Kutu ya kijani inatoka kwa siki nyeupe iliyochanganywa na maji nusu kwa nusu, dakika chache, huku unasugua kwa mswaki laini, kisha maji matamu mengi. Ukiiacha ilale humo, siki itaila shaba na kuinua kromu. Ndimu ya bibi iache jikoni. Grisi ni ya silikoni, kidogo sana, kiasi cha oringi kung'aa. Vipande vya mpira wa silikoni usivipake, vitavimba. Na kama siku moja utatumia hewa iliyoongezwa oksijeni nyingi, zaidi ya asilimia 40, hapo silikoni ni hatari ya moto, kuna grisi yake na oringi zake, na hiyo si kazi ya kuanzia.

Vipuri vitakusumbua. Kampuni nyingi haziuzi siti na oringi zake kwa mtu asiye na cheti chao, na wewe na mimi tunajua kwamba nusu ya sababu ni usalama na nusu ni biashara. Kozi zao ukizipata, zifanye, si adui. Ukipata mtu wa kukuletea vitabu kutoka nje, mwagize cha Vance Harlow au cha Pete Wolfinger kiitwacho Regulator Savvy. Vimeandikwa kwa Kiingereza, vina michoro, na vyote vinaeleza kwa nini kabla ya kueleza vipi. Video za mtandaoni zitazame pia, lakini nyingi zinaonyesha mtu akifungua na kufunga haraka, na zinakatwa kabla ya ile dakika ya kumi na tano.

Jambo jingine, na hili sitaki mjadala. Unachojifunza ni kwa ajili ya seti yako peke yako. Regulata za wageni, za hoteli, za rafiki yako wa kazini anayekubembeleza, zina fundi wao na zina bima zao. Wakikuomba kupima, pima, waandikie namba. Wakikuomba kufungua, mwambie meneja. Bosi wako akijua una mikono ya ufundi atajaribu kukutwisha kazi ya fundi kwa mshahara wa kuongoza mbizi. Namjua bosi wa namna hiyo hata kabla sijamwona.

Kifurushi kinakuja kwa kijana wetu mmoja anayepita Nyamisati, atakuachia Kilindoni bandarini, nitakupigia akishapanda boti. Ndani kuna geji, pini moja ya shaba, tochi ndogo, na oringi za vali ya mtungi, zile za 014, ambazo una ruhusa ya kuzibadilisha kuanzia leo kwa sababu utazihitaji juu ya boti. Kuna pia daftari lenye mistari niliyokwisha kuichora: tarehe, presha mtungi ukiwa umejaa, presha ukiwa na baa 50, presha baada ya dakika 15, sentimita za beseni, rangi ya filta. Nitumie mstari wa kwanza kwa simu kabla hujazamia nayo. Sindano ikipita kumi na nusu, usiibebe kwenye boti, tumia ya kituo, na usinunue chochote mpaka tuzungumze.

Mjomba wako